Safu ya Nne

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai dereva wa gari la karatasi atakukabidhi barua hii mkononi, wala hataiacha kwa mlinzi wa hospitali kama safari ile, na kwamba itakukuta mzima, miguu haijavimba, na shemeji amepona kile kikohozi anachokiita mafua ili asipelekwe kupimwa. Mwambie nimesema mafua hayakai kwa mtu miezi miwili. Hata mgeni wa ukoo hakai hivyo.

Sisi huku hatujambo, kwa kadiri ya watu wanaojizuia kulalamika. Wifi yako anakusalimu sana, na anasema zile shuka ulizotuletea bado ni nyeupe kuliko tabia yangu. Mwanao wa huku ameng'oka jino la mbele, na kila akitamka jina la shule yake tunafuta meza. Anauliza shangazi atakuja lini. Nimemwambia inategemea barua hii, naye hakuelewa, na ni vizuri hakuelewa.

Kazini tumo katika msimu wa kalenda. Kiwanda kizima kinanuka wino, na mimi nakata mwaka ujao tangu asubuhi mpaka jioni kwa kisu kirefu kuliko mkono wangu. Juzi mtoto wa mhasibu wetu, ambaye siku hizi anatembea na hakuna mlango unaomzuia, aliingia chumbani kwangu, akakaa sakafuni, akatafuna Februari. Hatukumlaumu sana. Alichagua mwezi mfupi kuliko yote.

Barua yako niliipata Jumatatu. Kuiita barua ni kuitukuza: mistari minne tu, kwenye kikaratasi chembamba ulichokichana kutoka kile kijitabu chako cha orodha ya sokoni. Lakini mistari minne ilitosha. Unasema msimamizi wa chumba cha kufulia anastaafu, kwamba mkuu wa wauguzi amekuja kwako tena, hakumwendea mtu mwingine, na kwamba anataka jibu Ijumaa kabla ya saa nne asubuhi. Kisha mstari wa mwisho unaniuliza kama ile hesabu yangu ya kodi bado ni ileile, maana kama ni ileile utakataa tena.

Mstari huo, dada, umenikalisha chini siku mbili.

Kwa kuwa shemeji ataisoma barua hii juu ya bega lako, naye hakumbuki jambo lolote lililotokea kabla ya chakula cha mchana, acha nianze mbali kidogo. Miaka mitatu iliyopita ulikuwa unalipwa elfu mia tano na tisini kwa mwezi, na mpaka leo unalipwa hizohizo. Mshahara wa hospitali yenu umekaa pale kama jiwe la kizingiti. Wakakupa usimamizi wa chumba cha kufulia kwa elfu mia sita na arobaini. Ukanipigia simu huku unacheka. Nikakuuliza kama umefikiria kodi ya mapato. Ukaacha kucheka.

Nikakueleza, kwa ile sauti ninayoitumia nikiwa sina shaka hata kidogo, kwamba kodi ina ngazi zake. Mwenye elfu mia tatu kushuka chini haguswi. Wa mia tatu mpaka mia sita hukatwa kumi katika kila mia. Anayevuka mia sita hukatwa ishirini na tano katika kila mia, yaani robo. Basi chukua elfu mia sita na arobaini, toa robo, unabakiwa na mia nne na themanini. Upewe cheo, upewe funguo, upewe lawama za foronya zilizopotea, halafu urudi nyumbani na pungufu kuliko uliyotoka nayo! Nikasema hicho si cheo, ni faini yenye kiti. Nilijisifia maneno hayo wiki nzima. Wewe ulicheka tena, ila kicheko cha namna nyingine, na kesho yake ukamwambia mkuu wa wauguzi hapana. Kiti akapewa mwenzako wa meza ya pasi, ukarudi kwenye mapipa ya dawa ya kufulia.

Ulipaswa kuniuliza nimejuaje. Hukuniuliza, kwa sababu mimi ndiye Profesa wa ukoo, na profesa haulizwi risiti.

Elimu yangu unaijua. Nimeipata nimesimama, mbele ya mashine ya kukatia, kwa kusoma karatasi zilizoharibika kabla ya kuzikata. Ni shule nzuri, haina ada wala fimbo, ila ina ubaya mmoja: kila kitu nimekisoma kuanzia katikati. Najua jinsi figo inavyochuja damu, lakini sijui inapeleka wapi uchafu, kwa kuwa ukurasa ulikomea hapo. Najua vita kadhaa jinsi vilivyoanza. Nani alishinda, sijapata karatasi yake. Kuna riwaya moja ya mapenzi ambayo mpaka leo naamini bibi harusi amejificha chumbani, na hajatoka.

Sasa, mwaka ule tulipewa kazi ya kuchapa kijitabu cha maelezo ya kodi kwa wananchi. Wino ukasambaa, karatasi kama mia moja za ukurasa uleule zikaharibika, nikaletewa nizikate ziwe za matumizi mengine. Katika ukurasa huo palikuwa na jedwali. Safu ya kwanza: kutoka. Safu ya pili: mpaka. Safu ya tatu: asilimia. Nikaliona limekamilika, maana lilikuwa na mwanzo, mwisho na maumivu. Nikalibandika ukutani juu ya mashine yangu, na tangu siku hiyo nikawa mtaalamu.

Kulikuwa na kasoro moja ndogo, na aliyeiona ni wewe, si mimi. Uliniuliza, wiki mbili baada ya kukataa, mbona kumi katika kila mia ya mshahara wako ni elfu hamsini na tisa, lakini kwenye hati yako ya mshahara kodi imeandikwa elfu ishirini na tisa, mwezi baada ya mwezi. Swali zuri kama hilo sijaulizwa maishani. Nami nikakujibu kwamba karani wa mishahara amekosea kwa faida yako, kwa hiyo nyamaza, usimwamshe aliyelala. Shemeji aliniambia baadaye kwamba tangu hapo unaingia hospitalini kwa mlango wa nyuma ili usikutane na karani huyo, na kwamba mwisho wa mwaka ulimpelekea sabuni tatu za kunukia bila sababu iliyojulikana. Ulikuwa umeushika uzi wenyewe mkononi, dada, nami nikakwambia ni utando wa buibui, pangusa.

Hapa kwetu nako mafundisho yangu yalienea. Unajua sisi mshahara wetu hupanda na kushuka kwa saa za ziada. Basi ikawa kila mtu akikaribia elfu mia sita, anaugua. Mfunga vitabu wetu, tunayemwita Gundi kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu akikaa mahali hang'oki, alikuwa anahesabu saa zake kwa penseli ukutani. Akifika mia tano tisini na nane, mgongo unamshika. Ulikuwa mgongo wenye akili sana, unajua tarehe na unajua kujumlisha. Wenzake nao wakawa na magoti, na mafua, na shangazi za ghafla. Kila mwisho wa mwezi mashine zinalala, wateja wanapiga simu, na msimamizi anasema tumelogwa. Mimi nilipita katikati ya wagonjwa hao nikijiona daktari aliyewaokoa.

Mwezi uliopita mhasibu akaniita ofisini kwake. Ofisi ni kile chumba nyuma ya ghala la karatasi, chenye feni inayotikisa kichwa kama mtu anayekataa mkopo. Mhasibu alikuwa na mimba ya miezi minane, kiti amekisogeza mbali na meza, anasoma tarakimu kwa kunyoosha mkono kama anayesoma bango la ng'ambo ya barabara. Akanionyesha orodha ya mishahara ya mwaka mzima. Akasema kuna watu kumi na mmoja hapa ambao kila mwezi husimama kati ya mia tano tisini na tano na mia tano tisini na tisa, wametua kwenye mstari mmoja kama ndege kwenye waya. Mwanzoni alidhani ni wizi, lakini hakuona mtu anayeiba. Akawaita mmoja mmoja kuwauliza, na kila mmoja akakohoa, akatazama dirishani, akanitaja mimi.

Nikamweleza nadharia yangu. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa aliyekwisha kujitibu. Kisha akaomba kuliona hilo jedwali. Nikaenda kulibandua ukutani, nikamletea. Akalitazama. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kulia, pole pole, juu mpaka chini, akaniuliza nani alikata karatasi hii. Nikamjibu kwa fahari kwamba ni mimi, maana ukingo ulikuwa umenyooka kama mstari wa mwalimu. Akaniuliza safu ya nne iko wapi. Nikamuuliza safu gani ya nne.

Alisema nimletee karatasi tupu mia sita na arobaini kutoka ghalani, na nisimdanganye katika kuhesabu. Nikaleta. Akasema kila karatasi ni elfu moja, na rundo hili ni mshahara wa mtu aliyevuka mstari, nimwonyeshe ninavyodhani anakatwa. Nikatoa robo ya rundo lote, karatasi mia moja na sitini, nikaziweka pembeni, na kwa kweli ziliumiza macho.

Akanirudishia zote. Akasema sasa tuanze upya. Akatenga mia tatu za kwanza, akaziegemeza tumboni kwake kama mtu anayezilinda, akasema hizi hazina wa kuzigusa. Akatenga mia tatu nyingine, akanambia katika hizi nitoe moja katika kila kumi, nikatoa thelathini. Zikabaki arobaini juu ya meza. Akasema hizi arobaini tu, hizi peke yake, ndizo zilizopanda ngazi ya juu, na katika hizi nitoe moja katika kila nne. Nikatoa kumi. Thelathini na kumi ni arobaini. Nikazihesabu zilizosalia: mia sita kamili. Nikazihesabu tena, maana mkata karatasi hahesabu mara moja. Mia sita.

Nilikuwa nadhani, dada, kwamba mtu akipanda ngazi anabadilishiwa kisu, na kisu hicho kipya kinashuka kwenye rundo zima kutoka juu mpaka mezani. Kumbe kila tabaka lina kisu chake, na kisu cha juu hakifiki chini. Hicho ndicho safu ya nne ilikuwa inasema: asilimia ishirini na tano, ndiyo, lakini ya kiasi kinachozidi mia sita. Ya kinachozidi tu. Mimi nilisoma sehemu ya kutisha, sehemu ya kutuliza nikaikata.

Kisha bila kuambiwa nikajaribu rundo la mia tano na tisini. Mia tatu hazikuguswa. Zikabaki mia mbili na tisini. Moja katika kila kumi. Ishirini na tisa.

Ishirini na tisa! Pale nilikaa chini bila kukaribishwa. Karani wenu hakukosea hata siku moja. Maskini ya Mungu alikuwa anafanya kazi yake, akapewa sabuni.

Unanijua nikishaanza kutaka kujua, sijui kuacha. Nikamuuliza mhasibu itakuwaje kwa mtu aliyevuka mstari kwa karatasi moja tu, mwenye mia sita na moja. Akasema hiyo karatasi moja itakatwa robo, robo tatu ataondoka nazo, na nyingine zote hazitajua kama kuna kilichotokea. Nikamuuliza basi ni nani ambaye akiongezwa mshahara anarudi na pungufu. Akasema kwa jedwali hili hakuna, hajazaliwa. Kama mtu ana msaada wa wenye kipato kidogo unaokoma akivuka mstari fulani, hilo ni jambo jingine, na huulizwa mahali pake. Nikamuuliza kuhusu mkurugenzi. Akasema hata mkurugenzi, mia tatu zake za kwanza haziguswi, kama zangu, kama za mfagizi. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Miaka yote namwona mkurugenzi akishuka kwenye gari namhurumia kwa makato, kumbe chini kabisa ya rundo lake kuna karatasi mia tatu zilizo sawasawa na zangu. Ni juu huko tu ndiko tulikoachana.

Wiki ile nilikata mishahara ya kila mtu. Wifi yako alinikuta nagawa njiti za kiberiti mezani, nikamwambia namkata kodi waziri, akaniambia nikimaliza nirudishe njiti maana jiko halijawashwa.

Na wenzangu niliwaambia siku ileile, saa ya mapumziko, nimesimama juu ya kreti. Gundi akaniuliza, mbele ya wote, mgongo wake umepoteza saa ngapi tangu ulipoanza kuegemea akili yangu. Halafu akasema kosa si langu, kosa ni lao, waliofuata hekima ya mtu ambaye kazi yake ni kukata mambo yasiishe. Akaapa kwamba tangu leo nikimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono nje kwanza. Walicheka mpaka msimamizi akaja kuona nani amekufa. Nami nilicheka. Nilikuwa nimewaomba radhi, na walikuwa wamenipa, kwa njia yao.

Kwa hiyo jibu la swali lako, dada, ni hili. Hesabu yangu si ileile. Leo unalipwa mia tano na tisini, kodi ishirini na tisa, unabakiwa na elfu mia tano sitini na moja, ukiacha makato mengine ambayo yana hadithi zake. Ukikubali, utalipwa mia sita na arobaini, kodi arobaini, utabakiwa na mia sita. Ni nyongeza ya elfu thelathini na tisa kila mwezi, na hakuna ngazi itakayoshuka kukunyang'anya. Kubali. Nenda hata kabla ya Ijumaa.

Ningeweza kuishia hapa. Nimeisoma barua hii tangu juu, na ni barua nzuri. Inanionyesha kama mtu aliyekosea, akagundua, akakimbilia kumwambia dada yake. Na yote niliyokuandikia ni kweli tupu, isipokuwa maneno mawili: mwezi uliopita.

Kama ungekuwa unasoma kwa lile jicho lako la kutafuta doa kwenye shuka, ungekwisha kuniuliza inakuwaje mhasibu alikuwa na mimba mwezi uliopita, na hapo juu nimekwambia mtoto wake anatembea na amekula Februari. Haikuwa mwezi uliopita, dada. Ni mwaka mmoja na nusu sasa. Gundi amevuka mstari mara kumi na saba, na mgongo wake umepona kabisa. Kila mtu niliyempotosha nilimwambia siku ileile. Wewe sikukwambia.

Sababu niliyojipa ilikuwa nzuri, imesimama wima. Nilijiambia kwamba Gundi nina cha kumrudishia, kwa kuwa saa za ziada zipo kila mwezi. Wewe kiti chako kilikuwa na mtu. Kukwambia ni kukutia uchungu usio na dawa, basi bora ulale. Lakini nyuma ya sababu hiyo kuna nyingine fupi. Jina la Profesa ni wewe uliyenipa, nikiwa na miaka tisa, siku niliposoma kwa sauti maandishi ya gunia mbele ya wageni ukapiga makofi. Kwa Gundi niliweza kulipoteza. Kwako nilishindwa.

Ulikuja kwetu mwaka jana, mwanao wa huku alipolazwa. Wifi yako alikupa chai, ukakishika kikombe kwa viganja viwili, vidole umevinyoosha nje kama mtu anayeogopa kuvikunja. Uliona natazama, ukasema ni dawa ya kufulia, ukiizoea haiumi. Msimamizi hashiki dawa, dada. Msimamizi hushika daftari. Nilikuwa najua siku ile, nikakuongezea sukari, nikakuuliza habari za shemeji.

Nilidhani nimefanikiwa kuzika jambo. Kisha Jumatatu kikaja kikaratasi chako. Mkata karatasi hawezi kusoma upande mmoja akaridhika, nikakigeuza. Unakumbuka kile kijitabu kilitoka wapi? Gundi alivitengeneza vichache kutokana na vipande vilivyoanguka chini ya kisu changu, nikakuletea kimoja uandikie orodha za sokoni. Wewe kwa kubana kwako bado unacho mpaka leo. Nyuma ya mistari yako minne kuna maandishi yaliyoloa wino, nayo yanasema: ya kiasi kinachozidi elfu mia tatu. Na chini yake: ya kiasi kinachozidi elfu mia sita.

Ni safu ya nne. Imekaa jikoni kwako miaka mitatu, imetundikwa kwenye msumari, na wewe unaandika chumvi na sabuni mgongoni mwake. Mimi nilikuwa na asilimia nisijue ni za nini. Wewe ulikuwa na kiasi chenyewe, usijue ni asilimia ngapi. Na karatasi hiyo ndiyo uliyoichana kuniuliza.

Nimechukua kipande changu cha ukutani na kikaratasi chako, nikavibandika pamoja, naviweka ndani ya bahasha hii. Utaona ukingo kwa ukingo vinashikana, hata unywele haupiti. Siku ile nilikata vizuri sana.

Elfu thelathini na tisa kwa miezi thelathini na sita nimezidisha. Jibu nimeliandika ukutani juu ya mashine, palepale lilipokuwa jedwali, nilione kila ninapoinua kisu. Sikuombi uniambie si kitu. Naomba tu Ijumaa uingie hospitali kwa mlango wa mbele, umwonyeshe karani karatasi hii ili usikie na kwa mtu mwingine, si kwangu tu, maana Gundi ana haki, toa mkono nje kwanza. Usimpelekee sabuni. Akikubali hesabu, panda kwa mkuu wa wauguzi kabla ya saa nne. Hasira zako zisubiri mpaka utoke huko; ukiwa nazo, vikaratasi vimebaki vingi kwenye msumari, na dereva anapita kila Jumatano.

Msalimie shemeji, na umwambie aende kupimwa. Wasalimie wenzako wa meza ya pasi, na yule anayestaafu mtakie mapumziko mema, hakukunyang'anya kitu. Wifi yako na mwanao wanakukumbatia. Mungu akutunzie mikono hiyo.

Ni mimi mdogo wako, mkata karatasi. Lile jina jingine nakurudishia. Ukiona bado linanifaa, utalituma na dereva.